Kura Tano kwa Kila Kituo: Matokeo ya 2022, Siasa za Nchi Tangu Hapo, na Kazi ya Tawi Letu

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Ndugu wanachama, haya ni maneno ya Katibu wa Uchaguzi wa tawi aliyoyasema katika mkutano wetu wa mwezi huu wa Desemba 2025. Wengi walikuwa kazini hawakuweza kufika, na Mwenyekiti ameagiza yatumwe kwa kila mwanachama kama yalivyosemwa. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kujibu.

Mwenyekiti wa tawi, mama zetu wa kamati, wazee, ndugu na dada zangu vijana.   

Nimepewa kazi ya kueleza matokeo ya uchaguzi na yalivyogeuza siasa za nchi hii. Sikuja na matusi wala na porojo za mtandaoni. Nimekuja na hesabu. Mtu akiuza samaki asijue alinunua kwa bei gani, jioni atasema amepata faida na kumbe amekula mtaji. Sisi tunaelekea Agosti 2027, na ndani ya tawi hili tayari tunavutana: wengine wanasema tubaki na serikali, wengine wanasema tutoke leo. Kabla hatujavutana, tuhesabu mtaji.

*1. NAMBARI ZENYEWE*

Tarehe 15 Agosti 2022 William Ruto alitangazwa kuwa amepata kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49. Raila Odinga, Mungu amrehemu, alipata kura 6,942,930, asilimia 48.85. George Wajackoyah alipata 61,969 na David Waihiga Mwaure 31,987. Makamishna wanne wa IEBC waliyakataa matokeo hayo. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakaidhinisha ushindi.

Tofauti ya Ruto na Raila ni kura 233,211. Ukiitazama hivyo ni kubwa, kama uwanja mzima wa mpira umejaa mara nne. Lakini nchi ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Gawanya. Ni kura 5 kwa kila kituo. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Kwa hiyo katika darasa lile la shule ya msingi ulipopigia kura wewe, tofauti ya kuwa Ikulu na kutokuwa Ikulu ilikuwa watu watano. Na kama watu watatu tu kwa kila kituo wangebadili mawazo na kuvuka upande wa pili, Raila ndiye angeongoza kwa kura.

Kuna nambari ya pili ambayo watu huisahau. Katiba yetu haisemi mshindi ni mwenye kura nyingi. Inasema lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote halali, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Robo haikuwa shida kwa yeyote: Ruto aliipata katika kaunti 39, Raila 34. Vita vilikuwa kwenye ile nusu. Ruto aliivuka kwa takriban kura 69,600. Hiyo ni kura moja na nusu kwa kila kituo. Kura hizo zingekosekana, nchi ingerudi debeni kwa awamu ya pili.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07. Kwa hiyo anayewaambia uchaguzi wa Kenya huamuliwa na mamilioni, mwambieni huamuliwa na watu wawili watatu kwa kila kituo. Na hao tunaweza kuwataja kwa majina. Wanakaa nasi mtaani.

*2. HAPA KWETU MOMBASA*

Sasa tuje nyumbani. Daftari la 2022 la Kaunti ya Mombasa lilikuwa na wapiga kura 641,913. Raila alipata hapa kura 161,015, Ruto 113,700. Tulishinda. Tulichukua useneta, tukachukua mwakilishi wa wanawake, tukachukua viti vitano vya bunge kati ya sita. Nyali peke yake ndiyo iliyokwenda UDA. Watu walipiga ngoma na mimi nilicheza.

Lakini jumlisha kura za wagombea urais wote uone ni watu wangapi waliopiga kura Mombasa. Hawafiki 285,000. Waliobaki nyumbani ni zaidi ya 350,000. Yaani katika kaunti yetu, chama kikubwa kabisa ni chama cha waliolala.

Nchi nzima waliojitokeza walikuwa karibu watu 65 kwa kila 100. Mombasa walikuwa karibu 44. Sisi na majirani zetu wa Kilifi tulikuwa miongoni mwa kaunti ambazo watu wachache kabisa walitoka.

Kuna ndugu zetu husimama vijiweni wakasema, "Mombasa ingetoka yote, Baba angeingia Ikulu." Maneno haya yanapendeza kusikia, lakini hebu tuyapime. Tuseme Mombasa ingejitokeza kama wastani wa nchi. Tungeongeza watu kama 135,000 debeni. Je, wote wangepiga kura upande wetu? Hapana. Waliotoka waligawanyika 58 kwa 41. Kama na hawa wangegawanyika vivyo hivyo, faida yetu halisi ingekuwa kura 23,000 hivi. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya tofauti yote. Na kwa ile hesabu ya nusu, ingempunguzia mshindi kama kura 12,000 kati ya zile 69,600.

Kwa hivyo Mombasa peke yake isingegeuza uchaguzi. Atakayewaambia vinginevyo anawatafutia usingizi mtamu. Lakini sehemu moja ya kumi kutoka kaunti moja kati ya 47 si haba. Ukiongeza Kilifi, Kwale na ngome nyingine zilizolala siku ile, awamu ya pili isingekuwa ndoto. Ukweli uko katikati: hatukupoteza kwa sababu ya Mombasa, lakini Mombasa haikutoa uzito wake.

Jambo la pili ni lile la 41. Katika kaunti tunayoiita ngome, kila watu 100 waliopiga kura ya urais, 41 walikuwa upande wa pili. Ngome yenye mlango uliovunjika namna hiyo haiitwi ngome. Tukiendelea kujiita ngome tutaacha kwenda nyumba kwa nyumba, na tukiacha, hao 41 watakuwa 51.

*3. KURA YA GAVANA*

Mnakumbuka kura ya gavana haikupigwa tarehe 9 Agosti. Karatasi zilichanganywa, za kwetu zikawa na wagombea wa kaunti nyingine, na uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 29. Abdulswamad Nassir akashinda kwa kura 119,083 dhidi ya 98,105 za Hassan Omar.

Tulifurahi, na ushindi ni halali. Lakini weka kura 119,083 juu ya daftari la 641,913. Gavana alichaguliwa na chini ya mtu mmoja kati ya kila watano walioandikishwa. Hii si lawama kwa gavana, maana angepata ushindi huohuo mtu yeyote mwenye kura nyingi, na sheria ya gavana haitaki nusu. Hii ni hesabu ya hatari. Kiti kinachochukuliwa kwa kura 119,000 katika kaunti yenye wapiga kura zaidi ya laki sita ni kiti ambacho mtu mwingine anaweza kukinyakua bila kumnyang'anya mwanachama wetu hata mmoja. Anahitaji tu kuamsha sehemu ya tatu ya waliolala. Sisi tusipowaamsha, yeye atawaamsha.

*4. VITI VYA PWANI VILIVYOTUFUNZA*

Nitataja vitatu, kila kimoja na somo lake.

Cha kwanza ni Magarini. Mwaka 2022 Harrison Kombe wa chama chetu alitangazwa kwa kura 11,946. Stanley Kenga wa UDA alipata 11,925. Tofauti ni kura 21. Familia moja ya Kigiriama na jamaa zao wakikaa kula pilau ya harusi wanazidi idadi hiyo. Kesi ikafunguliwa, Mahakama Kuu ikafuta uchaguzi mwaka 2023, ikaenda Rufaa, ikafika Mahakama ya Juu, na ni juzi tu, tarehe 27 Novemba 2025, watu wa Magarini walirudi debeni. Kombe ameshinda tena. Lakini angalieni miaka mitatu ya muhula wa miaka mitano imekwisha kwa sababu ya kesi. Ushindi mwembamba hauishii kwenye tangazo, unaishia mahakamani.

Cha pili ni Taita Taveta. Andrew Mwadime, aliyekuwa mbunge wa Mwatate, aliwania ugavana kama mgombea huru, bila chama, akazishinda tiketi zote za vyama. Mpiga kura hakuapa kwa rangi ya chama. Akiona mchujo una harufu, anamfuata mtu.

Cha tatu ni Kwale. Fatuma Achani wa UDA akawa gavana wa kwanza mwanamke katika Pwani nzima. Kwale ile ile ilimpa Raila kura nyingi za urais kuliko Ruto. Yaani mpiga kura alishika karatasi sita mkononi na kila karatasi akaiamulia mambo yake. Ile tabia ya "piga suti nzima" inakufa. Mgombea wetu wa wadi hawezi tena kupanda juu ya jina la mkubwa akabebwa hadi mjini.

*5. MATOKEO YALIVYOGEUZA SIASA ZA NCHI*

Uchaguzi unapokwisha watu huzima redio. Hapo ndipo siasa huanza.

Wananchi walipiga kura wakaipa Azimio wabunge wengi kidogo kuliko Kenya Kwanza. Kufika Oktoba 2022, Spika Moses Wetang'ula akatoa uamuzi kwamba Kenya Kwanza ndio walio wengi, 179 kwa 157. Ilikuwaje? Vyama vidogo vilivyoingia uchaguzini chini ya Azimio, kama UDM, Maendeleo Chap Chap, MDG na PAA, vilihesabiwa upande wa pili. Hapa Pwani tunamjua Amason Kingi wa PAA, gavana wa zamani wa Kilifi. Alihama, na tarehe 8 Septemba akawa Spika wa Seneti. Wapo waliomlaani, wapo waliosema amewatendea haki watu wake. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema uamuzi wa Spika wa Bunge la Taifa haukuwa sawa na Katiba. Spika akarudi bungeni siku chache baadaye akaamua tena kwamba Kenya Kwanza ndio wengi.

Mnaona? Mpiga kura alisema jambo moja Agosti, na karatasi za makubaliano zikasema jingine Oktoba. Kwa hivyo mwanachama ambaye hajui mkataba wa muungano umeandikwaje amepiga nusu ya kura tu. Nusu nyingine wamempigia wengine.

Ukubwa huo wa bungeni ulizaa nini? Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo vijana wakaingia majengo ya Bunge, na damu ikamwagika. Kesho yake Rais akasema hautii saini. Nambari za bungeni zilipatikana, lakini nambari za barabarani zilikuwa kubwa zaidi. Na vijana wale, ndugu zangu, wengi wao ni hao hao waliolala Agosti 2022. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa hawajapewa sababu ya kutoka.

Julai 2024 Rais akavunja baraza la mawaziri, na watu wa chama chetu wakaingia serikalini: John Mbadi kwenye Hazina, Opiyo Wandayi Kawi, Wycliffe Oparanya Ushirika, na ndugu yetu Hassan Joho kwenye Madini na Uchumi wa Bahari. Oktoba 2024 Naibu Rais Rigathi Gachagua akaondolewa, na Kithure Kindiki akachukua nafasi. Tarehe 7 Machi 2025 chama chetu kikatia saini mkataba wa mambo kumi na UDA. Kisha tarehe 15 Oktoba tukampoteza Raila, na Seneta Oburu Oginga akakabidhiwa usukani.

Sasa rudisheni akili kwenye zile asilimia 50.49. Zilitoka wapi? Nguzo zake kubwa mbili zilikuwa Bonde la Ufa na Mlima Kenya. Mlima ulimpa Ruto kura kwa wingi licha ya kwamba Rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, alikuwa upande wetu, na mgombea mwenza wetu, Martha Karua, ni wa huko huko. Kuondolewa kwa Gachagua kumeitikisa nguzo hiyo. Mtu aliyevuka nusu kwa kura moja na nusu kwa kituo hawezi kupoteza sehemu ya Mlima akabaki juu bila kutafuta kura mahali pengine. Mahali penyewe ni hapa: Nyanza, Magharibi na Pwani.

Hii ndiyo maana ya serikali jumuishi kwa lugha ya hesabu. Wala si siri. Wanahitaji kura zetu. Swali letu si kama tunapendwa. Swali ni zina bei gani, nani anaipokea hiyo bei, na je, kura zenyewe tunazo au tunauza samaki aliye bado baharini?

*6. TUBAKI AU TUTOKE?*

Najua hili ndilo mlilolisubiri. Kuna njia tatu mezani. Kusimamisha mgombea wetu wa urais 2027. Kumuunga mkono Rais kwa mkataba. Au kujiunga na upinzani.

Katiba ya chama inawapa wajumbe wa taifa kauli ya mwisho, na tawi letu litapeleka maoni. Mimi nitasema langu, kila mtu atasema lake.

Wanaotaka tubaki wana hoja. Ukiwa serikalini unaona barabara inajengwa, unaona waziri wa kwenu anapokea simu. Mambo kumi ya mkataba yako kwenye maandishi, na yanaweza kudaiwa. Wanaotaka tutoke nao wana hoja. Chama kisichokosoa serikali hugeuka idara yake, na kijana aliyepigwa risasi mwaka 2024 ana mama yake katika wadi hii hii, atatuuliza tulikuwa wapi.

Kauli yangu ni hii. Kabla ya njia yoyote, kuna mambo mawili ambayo hayawezi kuuzwa.

La kwanza, chama kisimamishe wagombea kila mahali: wadi, bunge, useneta, ugavana. Watu wameanza kuzungumza habari ya kugawana maeneo, kwamba hapa tuwaachie hawa na pale watuachie sisi. Jihadharini. Viti maalum vya bungeni hugawanywa kulingana na viti ambavyo chama kimeshinda. Fedha za Hazina ya Vyama vya Kisiasa, ambazo sheria inasema zisipungue asilimia 0.3 ya mapato ya taifa, sehemu yake kubwa hugawanywa kulingana na kura ambazo wagombea wa chama wamepata. Chama kisichosimamisha mgombea hakipati kura, kisichopata kura hakipati fedha, na kisichopata fedha kinakuwa chama cha kukodi. Tunaweza kuungana juu kwenye urais tukashindana kwa heshima chini.

La pili, mkataba wowote usomwe kwenye matawi kabla haujapelekwa kwa Msajili wa Vyama. Usomwe kwa Kiswahili. Tuone Pwani imeandikwa wapi: ardhi, bandari, uvuvi, vitambulisho kwa watu wetu. Kisichoandikwa hakidaiwi. Mambo ya 2022 yametuonyesha kwamba chama kidogo chenye wabunge wachache, kikijua kinachotaka, hupata kiti cha Spika. Na chama kikubwa kisichojua kinachotaka hupata ahadi.

*7. KAZI YA TAWI KUANZIA SASA*

Uchaguzi ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Uandikishaji wa wapiga kura ulianza tena tarehe 29 Septemba 2025 kwenye ofisi za IEBC za maeneo bunge, baada ya tume kukaa muda mrefu bila makamishna. Tusingoje wiki za mwisho na foleni zake. Kazi ni nne.

*Kwanza, daftari.* Kila mjumbe wa nyumba kumi apeleke orodha mbili kwa katibu: waliotimiza miaka 18 bila kuandikishwa, na waliohama wadi bila kuhamisha kura. Asiye na kitambulisho aandikwe peke yake, maana shida yake ni nyingine na inataka kufuatiliwa kwa chifu na ofisi ya usajili. Mtu asiye na kitambulisho msimwite mvivu. Wengine wamezungushwa miaka.

*Pili, waliolala.* Tuwaendee na tuwaulize kwa nini hawakupiga kura 2022. Tusiende kuwahubiria. Kuna aliyekuwa zamu bandarini na hakupewa ruhusa. Kuna mama mwenye mtoto mchanga aliyeona foleni akarudi. Kuna kijana aliyesema wote ni sawa. Hawa watatu wanataka dawa tatu tofauti. Wa kwanza anataka mtu wa kuzungumza na msimamizi wake mapema. Wa pili anataka mtu wa kumshikia mtoto, na kujua kwamba wenye watoto wachanga huruhusiwa kupita mbele. Wa tatu anataka mgombea anayestahili, na hilo linatupeleka kwenye kazi ya tatu.

*Tatu, mchujo.* Tawi lidai uteuzi wa wazi, wenye sajili ya wanachama inayojulikana. Tiketi ya mkononi ikitolewa usiku hotelini, asubuhi tutakuwa na mgombea huru wa kutupiga, kama walivyopigwa wenye vyama Taita Taveta. Mwanachama ambaye hajajiandikisha chamani ajiandikishe sasa. Na mgombea aliyeshindwa kwa haki tumlinde asitukanwe, ili abaki nasi.

*Nne, maajenti na fomu.* Hapa nisikilizeni vizuri. Kura huhesabiwa kituoni, na matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Yanaandikwa kwenye Fomu 34A kwa urais. Kutoka hapo huenda 34B ya eneo bunge na 34C ya nchi. Mwaka 2022 tume iliweka 34A mtandaoni, kila mtu akajumlisha mwenyewe. Tulipofika Mahakama ya Juu, majaji walitaka kuona fomu, si hasira. Kila madai yaliyokosa fomu ya ajenti yalianguka.

Kwa hiyo ajenti si mtu wa kuokotwa usiku wa kuamkia uchaguzi kwa ahadi ya posho. Awe amesoma hadi anaweza kujumlisha. Awe anakaa karibu na kituo. Afunzwe siku mbili. Asitoke kabla hajapewa nakala yake, na apige picha ya fomu ile iliyobandikwa mlangoni. Alipwe siku hiyohiyo, maana ajenti mwenye njaa hununuliwa kwa chapati. Kamati ya fedha ianze kuweka akiba mwezi wa Januari, hata kama ni shilingi hamsini kwa mwanachama. Tukingoja fedha za makao makuu tutangoja sana.

*8. MWISHO*

Ndugu zangu, tumezoea kuwa na mtu mmoja wa kutubeba. Kwa miaka mingi jina moja lilitosha kwenye bango, na watu wakatoka. Mwenye jina amepumzika. Kura zake 161,015 za Mombasa hazikurithiwa na mtu, wala hazimo ndani ya kabati la kiongozi yeyote. Ziko majumbani mwa wenyewe, na kila moja itatafutwa upya kwa miguu.

Kila mmoja wenu aliye hapa achukue watu watano. Watano tu, wa mtaa wake, ambao hawakupiga kura 2022. Awaandike majina, ahakikishe wameandikishwa, awatoe siku ya kura. Mmeona hesabu. Watano kwa kituo ndio walioamua.



*MAAGIZO YA KAMATI:* Orodha za waliokosa kujiandikisha zimfikie Katibu wa tawi kabla ya mwisho wa Januari. Mjadala wa "tubaki au tutoke" utafanywa kwenye mkutano ujao, ana kwa ana, na kila mwanachama atapewa dakika tatu. Tafadhali tusibishane kwa sauti za kurekodi humu. Mtumie mwanachama mwenzako ambaye hana simu ya intaneti nakala iliyochapishwa, zinapatikana kwa Mweka Hazina.